Gati tumelipata, sasa tuwe na watu wa ghala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie hoja ya bandari yetu ya Mtwara. Kila msimu wa korosho ukikaribia mazungumzo huwa yale yale: gati, winchi, kina cha maji. Kwa kina cha maji hatuna sababu ya kumwonea mtu wivu. Hamburg, bandari kubwa kuliko zote Ujerumani, iko kando ya mto Elbe, takriban kilomita 100 kutoka baharini. Mto unaleta tope, wanachimba mwaka hadi mwaka, na meli kubwa zilizosheheni husubiri maji yajae ndipo zipite. Mtwara meli inaingia kwenye ghuba ya asili, mwendo mfupi tu kutoka bahari kuu.

Hata hivyo mali ya dunia inapita Hamburg, na naona sababu kubwa ni ujuzi wa bidhaa yenyewe. Maghala ya Speicherstadt yalifunguliwa mwaka 1888. Ni ya matofali, upande mmoja maji, upande wa pili barabara, na kuta zake nene hazikuruhusu joto wala unyevu kupanda na kushuka ghafla. Humo kulikuwa na mafundi walioitwa Quartiersleute. Walipima, walichukua sampuli, walichambua na kutunza kahawa, kakao na viungo vya mfanyabiashara ambaye pengine hakuwahi kuviona. Tangu 1900 mji huo una pia chama cha wafanyabiashara cha Waren-Verein, chenye masharti yake ya mikataba ya lozi, korosho na matunda makavu. Muuzaji na mnunuzi wakigombana juu ya ubora wa mzigo, shauri linaamuliwa na watu wanaoijua mali hiyo.

Sasa tutazame ghala zetu. Bambo, kile chuma cha kutolea sampuli guniani, linachomwa kwenye magunia ya mlangoni kwa sababu ndiyo yanayofikika. Sampuli ya haki hutoka kwenye magunia ya juu, ya kati na ya chini, inachanganywa vizuri, kisha inapimwa kilo moja. Korosho zinahesabiwa, zinakatwa, viini vizima vinatengwa na vilivyooza, na vilivyoharibika kiasi vinahesabiwa kwa nusu ya uzito wake. Ukipata gramu 280 za kiini katika kilo hiyo, gunia la kilo 80 lina kilo 22.4, yaani kama paundi 49. Mnunuzi anatoa bei kwa kuitazama namba hiyo. Sampuli ikikosewa, shehena yote imeuzwa kwa namba ya uongo, na mkulima aliyeanika siku tatu anabeba hasara pamoja na aliyeanika nusu siku. Korosho zikifungwa zikiwa na unyevu unaozidi asilimia 10, ukungu unaanza ndani ya gunia, tena upesi zaidi kwenye gunia la plastiki lisilopitisha hewa.

Kwa korosho zilizobanguliwa masharti ni makali zaidi. Boksi la kawaida ni kilo 22.68, unyevu usizidi asilimia 5, na Umoja wa Ulaya hauruhusu sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kuzidi mikrogramu 4 kwa kilo ya korosho zilizo tayari kuliwa. Kontena likitoka kwenye joto letu na kufika kwenye baridi ya kaskazini hutoa jasho. Matone yanadondoka kutoka kwenye dari na kulowesha maboksi, kama kuta hazikufunikwa karatasi nene na mifuko ya kunyonya unyevu haikuwekwa.

Kuna pia suala la makontena matupu. Hamburg inapokea na kusafirisha, hivyo kontena lililoshusha mzigo hupata mwingine wa kuondoka nao. Kwetu shehena ya kuingia ni ndogo, basi kuanzia Oktoba matupu yanatafutwa na gharama yake inaishia kwenye bei ya mkulima.

Jirani wasio na bahari nao wana nafasi yao kule. Mkataba wa 1929 uliipa Chekoslovakia eneo ndani ya bandari ya Hamburg kwa miaka 99, na leo Jamhuri ya Cheki ni miongoni mwa wateja wakubwa wa reli ya bandari hiyo. Wanaopanga reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, wautazame mkataba huo wanapozungumza na Malawi.

Reli itachukua miaka. Meza ya sampuli kwenye kila ghala kuu haina haja ya kuisubiri. Inahitaji bambo refu, mizani iliyokaguliwa, kipima unyevu, kisu cha kukatia, na vijana waliofundishwa kazi hiyo na kupewa cheti ambacho mnunuzi atakiheshimu. Wataalamu wa korosho tunao kwenye kituo cha utafiti cha Naliendele, hapa hapa Mtwara. Naomba wahusika waanze na ghala mbili tatu kabla mnada wa kwanza wa msimu ujao haujafunguliwa.

Mdau wa korosho,
Mtwara