Mmea una meno

Mkomani, Lamu
17 Mei

Shoga yangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Huku tu wazima, kusi imeshaanza na bahari imechafuka.

Ujumbe wako wa Ijumaa umenikaa moyoni. Umesema viwavijeshi wameingia tena shambani kwako Gede, ukamalizia na neno lililoninyima usingizi: "Mmea hauna meno, umekaa tu unaliwa." Si hivyo, Zuhura, na nataka ulijue hilo kabla hujang'oa mhindi hata mmoja.

Juzi kwenye arusi ya mpwa wangu nilipewa kilo sita za nyama ya mishkaki, ya ng'ombe mzee. Nikachuma papai bichi uani. Nilipolichanja, utomvu mweupe ulinitiririkia vidoleni, na haukupita muda ncha zikaanza kuwasha. Nikalikuna, nikalichanganya na tangawizi na thomu, nikailaza nyama humo usiku kucha. Asubuhi kila pande nililoshika liliachana nyuzi nyuzi, halishikiki kwenye kijiti. Saa moja tu ingetosha. Iliniuma sana, maana ilikuwa nyama ya watu.

Kilichoila nyama ile ni papaini, kimeng'enya (kichocheo cha kikemia kilichomo ndani ya viumbe) cha kukata protini. Protini ni mnyororo wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Papaini nayo ni mnyororo wa asidi amino 212, na kazi yake ni kukata minyororo mingine. Mpapai haukuiweka kwa ajili ya mishkaki yetu. Ndani ya utomvu imekaa kama kisu kwenye ala, kipande chake chenyewe kimeyafunika makali. Jani likijeruhiwa, ala inavuka. Mwaka 2004 watafiti wa Japani waliwalisha viwavi majani ya mpapai, yakawadhuru vibaya. Kisha wakayakata majani ya namna ile ile vipande vyembamba, wakayaosha mpaka utomvu ukaisha, wakawapa tena. Safari hii viwavi walikula na kukua. Sumu yote ilikwenda na maji! Na mmoja wa viwavi wale ni Spodoptera, jenasi moja, yaani jamii moja ya karibu, na huyu anayekusumbua.

Papaini ina ndugu wengi. Mpunga peke yake una jeni zaidi ya 600 za vimeng'enya vya kukata protini, za koo mbalimbali, na nyingi si za vita. Majani ya kunde zako yanapogeuka manjano huku maganda yanajaa, mara nyingi si ugonjwa: jani linakata protini zake lenyewe na kuzipeleka kwenye mbegu.

Sasa mahindi, ambayo ndiyo hasa yaliyonishikisha kalamu. Huko Mississippi, Marekani, kuna mahindi yaliyozalishwa kutokana na mbegu za visiwa vya Karibi. Kiwavijeshi akianza kuyatafuna, ndani ya saa moja kimeng'enya kiitwacho Mir1, cha ukoo wa papaini, kinajikusanya pale pale kwenye moyo wa mhindi, majani machanga yalipojikunja. Kiwavi anakimeza pamoja na jani. Kinautoboa utando unaokinga utumbo wake, chakula hakimfai tena, anadumaa. Hafi papo hapo, lakini mhindi unapata nafasi ya kukua. Ujue mahindi ya kule yameishi na mdudu huyu tangu na tangu, kwani Amerika ndiko kwao. Sisi Afrika ametufikia 2016, Kenya 2017. Naona mahindi yetu hatujayapa muda, na inanisikitisha tukiyakatia tamaa mapema hivi.

Kwa hiyo nakuomba usiing'oe ile mdzihana ya bibi yako, mahindi yetu ya kienyeji. Mbegu ya nyumbani haifanani shina kwa shina. Pita asubuhi umande ungalipo, fungua moyo wa kila mhindi, viwavi uwaponde kwa mkono kama unavyofanya siku zote. Shina utakaloliona limeliwa kidogo ilhali majirani zake wametobolewa, lifunge uzi mwekundu, na mbegu zake uziweke kando. Hata kama ni mashina matano tu, nayataka.

Nitavuka Mokowe wiki ya mwisho wa mwezi inshallah, nije tuzihesabu nyuzi pamoja. Papai bichi nitakuletea, na safari hii nyama nitaisimamia mwenyewe na saa mkononi.

Nisalimie mama na watoto.

Shoga yako,
Mwanakhamisi