Mnyororo umenikatikia mkononi

Hamisi ndugu yangu,

Salamu nyingi. Mwanza mvua zimepungua? Shemeji na watoto hawajambo? Huku wazima, ila mimi mwenyewe sijambo nusunusu. Najua tangu Idi kimya, na leo nakuja na shida. Nivumilie.

Ile seva ya hesabu uliyoniachia, ile mashine pepe ya VMware, imegoma kuwaka tangu Jumamosi. Inadai diski mzazi imebadilishwa baada ya mtoto kuundwa. Utadhani kesi ya mirathi! Kufungua folda, nakuta diski mama, halafu mnyororo wa mafaili ya mabadiliko juu yake: 000001, 000002, 000003. Snapshoti tatu (picha za hali ya diski), Hamisi, ya kwanza ya mwezi wa pili! Shirima alisema tutaifuta Jumatatu. Jumatatu ya mwaka gani? VMware wenyewe wanashauri snapshoti isizidi saa 72. Hii yetu imeota ndevu.

Nikasoma vile vifaili vya maelezo kama ulivyonifundisha: kila diski ina namba yake, CID, na parentCID ya mtoto, yaani namba ya mzazi anayemtarajia, ifanane na CID ya mzazi, na mama wa chini kabisa awe na ffffffff kwa kuwa yeye hana mzazi. Tatu na mbili wanapatana. Mbili na moja wanapatana. Moja anamtafuta mama ambaye namba yake si ile tena.

Nani kaigusa diski mama? Nikamshuku Shirima. Nikaishuku programu ya bakapu (nakala za akiba), maana ina tabia ya kuchomeka diski ikasahau kuichomoa. Nikazunguka hivyo siku nzima, ila wewe ungeuona ukweli kwenye logi, basi bora niseme: ni mimi. Ijumaa usiku Mama Zawadi alitaka jedwali la mishahara la Januari kama lilivyokuwa kabla halijafutwa. Seva ilikuwa imezimwa, mafundi wa umeme wako kazini. Nikaichomeka diski mama kwenye mashine ya majaribio, nikamtolea faili lake. Dakika nane tu! Lakini Windows ikiifungua diski huandika hata kama hujaiambia, na CID ikageuka.

Nimenakili folda nzima kwanza (hilo sikuliruka, usinicheke). Ndani ya nakala nikabadili parentCID ya 000001 ifuate CID mpya ya mama. Nikaendesha amri ya ukaguzi, vmkfstools -q -v10, juu ya 000003, mnyororo ukapita wote bila neno. Nikaukloni kwa vmkfstools -i ukawa diski moja, nikaiwasha bila mtandao. Ikawaka. Niliimba peke yangu ofisini saa tisa usiku, mlinzi akaja kuchungulia.

Wimbo ulikatishwa na chkdsk, kile kikaguzi cha diski cha Windows. Kubadili namba ni kumwambia mtoto tu kwamba mama ni yuleyule. Yaliyoandikwa dakika zile nane bado yamo, na kila kipande ambacho delta (faili la mabadiliko) haikukishika kinasomwa kutoka kwa mama niliyemchezea. Imelalamikia folda mbili, ya Machi na ya Aprili. Hifadhidata imepita ukaguzi, ila mimi siiamini, nikiifungua naona kama inanitazama.

Ndiyo nikakumbuka ile diski ya nje nyeusi, uliyochukulia bakapu mwezi wa tano kabla hujahama. Ulichukua mashine nzima au mafaili tu? Machi na Aprili zimo? Bado iko kwa dada yako Tabata, na nikienda kesho jioni nitamkuta? Nywila ni ileile ya jina la mbuzi? Na bosi je, nimwambie diski ilichomekwa, au nimwambie niliichomeka mimi? Wewe ungesemaje?

Nijibu kabla ya Alhamisi, mishahara ni Ijumaa. Mama Zawadi anakusalimu sana. Amefurahi mno na jedwali lake la Januari.

Wako,
Juma