Kwa mnaolala chumba kimoja na anayesema "nimeshakula"

Wanangu wa mabwenini,

Shikamoo zenu nimezipokea miaka mingi pale zahanati ya chuo, na nimestaafu na jambo moja rohoni.

Binti wa mwaka wa pili alinijia mara tatu muhula mmoja. Kiungulia, kizunguzungu, tumbo. Mara zote tatu nikampa dawa ya vidonda vya tumbo na kumwambia, "Kula kwa wakati, mwanangu." Mara ya nne, namshika mkono nimpime mapigo ya moyo, nikaona sugu kwenye vifundo vya vidole viwili. Zilichimbwa na meno yake mwenyewe, kwa kujitia vidole kooni kila akila. Wenzake wa chumbani walikuwa wakisikia bomba la bafuni likifunguliwa hadi mwisho, usiku, ili mlio usitoke. Mbona hamkusema? "Tulijua yuko kwenye dayati, Mama."

Ndiyo maana nawaandikia ninyi, si yeye.

Na msiniambie haya ni ya Wazungu. Kule Fiji, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, ambako mwili mnene ulisifiwa kama kwetu, televisheni iliingia mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker akawauliza wasichana wa shule: mwaka ule hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998, asilimia 11.3 walisema wanafanya hivyo. Na ile ilikuwa TV tu, baba aliweza kuizima. Ninyi mnalala na simu chini ya mto.

Enzi zetu kukonda kulitisha. Miaka ya themanini na tisini ukikonda majirani walinong'ona. Uganda ukimwi wenyewe waliuita "slim", yaani kukonda. Leo binti akirudi likizo amepungua, shangazi anamkandamizia ugali. Akirudi chuo amenawiri, mtu anamwandikia chini ya picha, "umejiachia sana siku hizi". Na simu inamtaka awe na kiuno cha nyigu na nyonga za tembo kwa mwili uleule. Muulizeni fundi cherehani amepima wangapi wa hivyo. (Wavulana msicheke, nawajua mnaoshindia ute wa mayai mkitafuta sikspaki.)

Basi mwenzenu anayejitapisha msimwambie "umekonda", wala "umependeza": kwake yote mawili ni sifa. Pikeni, kaeni naye, ongeeni habari za mtihani au za mpira, chochote kisicho chakula. Mkimaliza mshikilieni kwa soga nusu saa hivi, maana hapo ndipo anapotaka kuinuka aende bafuni. Aliyekaa siku nyingi bila kula msimshindilie sahani kwa mkupuo. Mwili uliozoea njaa hudhurika ukishibishwa ghafla, huyo ni wa daktari.

Akizimia, au akisema moyo unadunda ovyo, msimpe glukosi mkalala. Kutapika kunamaliza madini ya potasiamu mwilini, na yakishuka sana moyo unaweza kusimama. Hospitali, usiku huohuo.

Mkifika, msiseme "tumbo linamsumbua". Semeni "anajitapisha". Nesi aliyechoka, mwenye foleni hadi nje ya mlango, akisikia tumbo atatoa dawa ya vidonda. Mimi nilitoa mara tatu.

Mama yenu wa zahanati