Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka 2024 wa duka, atelye ya kushonea na kilima chetu

Wapendwa wanachama wa chama chetu cha ushonaji, wazee wetu, ba mama na ba baba, mafundi, na ninyi vijana mnaojifunza kazi, jambo kwenu wote.

Kazi za kawaida mnazijua, sitazirudia kwa urefu, maana leo nina la kujibu juu ya kukatwa kwa mikaratusi ya chemchemini, na baada yake mitaro na michango. Duka la nguo za wanaume lilifungua mwaka mzima. Oda za shule, shati nyeupe na suruali ya bluu, zilijaa mwezi wa saba na wa nane kama kila mwaka, na za harusi zilifuata. Mashini 9 za mguu zinafanya kazi, 2 zinangoja mkanda mpya. Vijana 6 wamemaliza kujifunza. Vita vilipokata barabara ya Sake na Minova mwezi wa pili, wateja waliozoea kushuka kutoka kule walipotea, na bei ya kitambaa sokoni Kadutu, Bukavu, ilisumbua kila mtu. Tumevumilia pamoja.

Upande wa ufundi nataja jambo moja tu, kwa sababu lilituletea maneno ya wateja: kola zinazovimba kama mapovu baada ya kufuliwa. Tulichunguza tukaona sababu ni mbili. Ya kwanza, popelini ilikatwa kabla ya kuloweshwa, kwa hiyo ilisinyaa ndani ya maji huku kitambaa kigumu cha ndani kikibaki vilevile. Ya pili, pasi iliburutwa. Utaratibu wa atelye tangu mwezi wa tano ni huu, na hauna ruhusa ya kuruka hatua: kitambaa kinalala ndani ya maji usiku mzima, kinaanikwa kivulini, kinapigwa pasi, ndipo kinakatwa. Makala, yaani makaa ya pasi, yanawashwa nje mpaka yavae majivu meupe, ndipo yaingie ndani ya pasi, kwa maana makala mabichi yanatema cheche na moshi juu ya shati nyeupe. Halafu unaweka kitambaa chenye unyevu juu ya kola, unakandamiza bila kusukuma, unahesabu mpaka 15, unainua, unasogea. Kola inapoa mezani kabla ya kugeuzwa. Aliyefuata hivyo hakurudishiwa kola hata moja.

Angalieni vizuri, hatua hizo zote zinaomba maji, tena maji safi. Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo lililosemwa sana sokoni Mudaka na mbele ya kanisa kuliko ndani ya mkutano: mikaratusi ya chemchemini.

Imesemwa kwamba mwenyekiti ameuza msitu wa chama. Nitajibu kwa utaratibu. Uamuzi wa kukata mikaratusi 64 ya kando ya chemchemi ulipitishwa na mkutano wa mwisho wa 2023. Tuko wanachama 46. Siku ile walifika 17. Sheria yetu ya ndani inaomba theluthi moja, yaani watu 16. Kumbukumbu ziko kwa katibu, zimetiwa sahihi, na kila mtu anaweza kuzisoma leo. Yule asiyefika mkutanoni hawezi kuja baada ya mwaka kusema hakuulizwa.

Sasa sababu. Mkaratusi ni mti mzuri mahali pake. Unakua haraka, unatoa nguzo na kuni, ukikatwa unachipua tena, na kwa hiyo mikaratusi ya juu kabisa, kule kwenye mawe, hatukuigusa na hatutaigusa. Lakini kando ya chemchemi ni adui wa maji. Mizizi yake inakunywa mwaka mzima, hata kiangazi cha mwezi wa sita mpaka wa nane wakati mimea mingine imepunguza. Chini yake majani makavu yanarundikana na nyasi hazioti vizuri, basi mvua ya mwezi wa tisa inakuta udongo hauna kitu cha kuushika. Udongo wetu mwekundu unateremka wote ndani ya chemchemi. Mafundi wanajua matokeo: unachovya kitambaa cha pasi asubuhi baada ya mvua, unakiweka juu ya shati ya bwana harusi, kinaacha alama ya tope isiyotoka hata kwa sabuni. Tulikuwa tunalipa watoto wachote maji mbali, tena kwa fedha ya duka. Kwa hiyo yule anayesema miti haihusiani na ushonaji, aulize kwanza mtu wa pasi.

Fedha ya nguzo ilikuwa dola 410. Wakata miti na kukodi msumeno vilichukua 115. Saruji, mawe, mchanga na bomba za kujengea chemchemi 145. Miche ya grevilea na mbegu za kaliandra, miti ya kupanda shambani, vilichukua 70. Zimebaki 80 na ziko kwenye sanduku, mtunza sanduku atazionyesha. Hakuna dola iliyoingia mfukoni mwa mtu wa komite.

Wengine walitaka fedha ile inunue mashini ya sirjeteze, ile ya kufunga kingo za kitambaa zisichanuke. Ninaelewa hamu yao. Lakini sirjeteze inakula umeme, na umeme wetu unakuja na kuondoka bila saa. Kuiendesha kwa jenereta ni kununua mafuta kila siku. Tena shati zetu zinashinda tombola, yaani mitumba, kwa sababu ya ndani yake. Mshono wa kulaza hauombi sirjeteze: unashona pande mbili ukiacha sentimita moja na nusu, unapunguza upande mmoja ubaki nusu sentimita, unaukunjia ule mpana juu yake, unaulaza, unapitisha mshono wa pili ukingoni. Sindano namba 80 kwa popelini, 90 kwa kitambaa cha suti. Uzi hautoki ndani hata shati ikifuliwa miaka. Mteja anayegeuza shati dukani na kuona ndani pako safi kama nje, huyo anarudi.

Kukata mti ilikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ni kisiki. Mkaratusi uliokatwa juu unatoa machipukizi mengi, na baada ya miaka michache una miti mingi kuliko mwanzo. Tuliagiza wakate chini kabisa, usawa wa udongo, kisha gome libanduliwe pande zote mpaka kwenye mizizi, na kisiki kifunikwe na udongo. Machipukizi yanavunjwa kwa mkono yakiwa bado laini, kila wiki tatu au nne, mpaka mizizi ichoke. Visiki vilivyofuatwa hivyo vimeanza kuoza. Vile ambavyo zamu yake ilirukwa vina matawi yaliyonipita kimo. Orodha ya zamu imebandikwa mlangoni mwa atelye, kila mtu atajiona.

Chemchemi yenyewe ilichimbwa mpaka mahali maji yanapotoka kwenye udongo mgumu. Tukapanga mawe yaliyooshwa, tukajenga ukuta wa mbele wenye bomba la kutolea na lingine la juu la kupunguzia maji yakizidi, tukafunika kwa plastiki na udongo wa mfinyanzi uliotwangwa. Hatua kumi juu yake tuna mtaro wa kugeuza maji ya mvua. Mwezi wa nane bidoni ya lita 20 ilijaa kwa dakika 3, mwaka uliotangulia ilikuwa karibu 5. Wapo wanaosema ni kazi ya bomba wala si ya miti. Na iwe vyote viwili, maana vyote viwili ni uamuzi wa komite hii, na mimi nikiwa mbele yake niliusimamia wakati wengi walikuwa wananipinga.

Juu ya mtaro huo tumeanza mitaro ya kuzuia mmomonyoko kwenye shamba lote la chama. Kwa kuwa shamba hilo tulilipata kwa kalinzi, yaani kwa desturi ya kupewa ardhi moja kwa moja, tuna haki ya kupanda miti ya kudumu. Kipande cha jirani tunachokodi kwa bwasa, yaani kwa muda mfupi, tumeweka maharagwe tu, mtu asipande mti pale, tutapata kesi kwa shefu.

Mtaro unapimwa kwa fremu ya miti mitatu: miwili ya mita 2 imefungwa juu, mmoja wa kuvuka katikati, na kamba yenye jiwe. Unaisimamisha, unaweka alama kamba inapogusa mti wa katikati, unaigeuza miguu ibadilishane mahali palepale, unaweka alama ya pili. Katikati ya hizo mbili ndiyo usawa. Kila hatua kigingi. Kisha unachimba upana wa sentimita 60 na kina cha 50, udongo unatupwa upande wa juu, na juu ya tuta unapanda setaria, nyasi ya kushika udongo, kila sentimita 30 na kaliandra kila 50. Mbegu ya kaliandra inalala siku mbili ndani ya maji baridi, bila hivyo inachelewa kuota. Inakatwa mara ya kwanza ikifika mwaka, kwa urefu wa mita moja, majani ni ya mbuzi, fito ni za kuni. Grevilea iko mpakani kila mita 4, na matawi ya chini yanapogolewa ili maharagwe yapate jua.

Mtaro wa tatu ulipasuka mwezi wa kumi na moja na ukabeba maharagwe ya chini yake. Sababu inajulikana. Siku ile ya salongo, yaani kazi ya pamoja, walifika watu 5, wala hakuna hata mmoja aliyejua fremu, wakachimba kwa macho. Macho kilimani yanadanganya. Upande mmoja ulikuwa chini, maji yote yakakusanyika pale, yakapata njia. Wale waliofundishwa kutumia fremu ni watu 12, na hawakufika. Sitaki kusikia kwamba mitaro haifai. Mitaro miwili iliyopimwa ilipita mvua zilezile bila kuvunjika.

Hii inanipeleka kwenye kotizasio, nami nasema kwa uchungu. Mchango ni franka 3.000 kwa mwezi, yaani 36.000 kwa mwaka. Kwa watu 46 tulipaswa kupata 1.656.000. Zimeingia 702.000. Waliomaliza ni 11, walioanza na kuacha ni 20, na 15 hawakutoa hata mwezi mmoja. Deni ni 954.000. Katika hao 15 wamo wenye mashini ndani ya atelye, wanaotumia pasi, makala, meza na maji ya chama kila siku. Najua maisha yamekuwa magumu, najua soko lilivyo. Lakini mtu akija kusema ana shida, komite inampangia kidogo kidogo, tumeshafanya hivyo kwa wengi. Anayenyamaza ndiye anayetuumiza, kwa sababu yule mama anayelipa kila tarehe 5 anaona analipia wengine. Mikutano 4 ya mwaka haikuwahi kupita watu 20. Salongo ya Jumamosi, mara nyingi, ni nyuso zilezile.

Kwa mwaka unaokuja tunatumaini kumaliza mitaro iliyobaki, kupata mashini nyingine Mungu akitujalia, na labda, tukipata mtu wa kutuunga mkono, kufungua meza ndogo ya kuuzia shati Bukavu, upande wa Nyawera. Wazo la vijana la kushona tena abakosti, lile koti la enzi za Mobutu lisilovaliwa na tai, kwa wazee limepokelewa, tutaliangalia.

Wenye deni wamwone mtunza sanduku baada ya mkutano huu, kabla ya kutoka. Mtaro wa tatu unapimwa upya Jumamosi hii saa moja asubuhi. Wale 12 wa fremu waje kwanza, wengine walete majembe na vigingi. Mgawo wa setaria uko nyuma ya duka, umefunikwa na majani ya ndizi, na hautakaa zaidi ya siku mbili bila kukauka.

Mwenyekiti wa chama