Barua ya wazi kwa mheshimiwa wa afya: mwanangu si mchafu

Mheshimiwa, asalaam aleikum. Natumai hujambo, na meno yako hayajambo pia.

Mie ni mama wa hapa Likoni, Mombasa, napika mahamri na mbaazi. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua zikiingia ofisini kwako hazitoki, na tangu ile siku ulokuja barazani ukatwambia meno nayo ni afya, watu wakapiga makofi (mie pia nlipiga, tena kwa nguvu), twangoja hiyo afya hatujaiona.

Wiki ilopita binti yangu wa gredi ya tatu katolewa mstarini shuleni mbele ya wenzake ati meno machafu, akapige mswaki. Karudi nyumbani hataki hata kufungua mdomo. Nkampeleka hospitali ya umma, jina silitaji, nako nkaambiwa gego la chini limeanza kumeguka ling'olewe tu. Nkauliza je haliwezi kufunikwa, nkajibiwa huo ni urembo, bima hailipi urembo. Urembo! Gego la nyuma kabisa mdomoni, nani atalitazama mheshimiwa?

Haya si mabuyu wala peremende. Daktari mmoja wa kulipia ndiye alotufafanulia, hali hii yaitwa amelojenesisi impafekta, ni ya kurithi. Ile enameli, lile gamba gumu la juu ya jino, haikutengenezeka sawa tangu jino liko ndani ya ufizi, na seli zinazoitengeneza zinakufa jino likishatoka, kwa hivo haioti tena hata umpe maziwa ya ngamia. Meno ya utoto yalitoka manjano yakaenda kahawia, haya ya ukubwani nayo yaja hivo hivo. Maji ya baridi analia, chai moto analia, ukwaju ndio usiseme. Mswaki anapiga na maji ya vuguvugu polepole maana yamuuma, kisha anatokea mtu mzima kumwita mchafu.

Wengine wakanambia ni maji, kama yale ya Nakuru na Naivasha yenye floridi nyingi, yale madini yanayotia meno madoa. Mtoto kazaliwa Likoni, kakulia Likoni, Naivasha aijulia kwenye ramani! Baba wa wanangu ndiye mwenye meno hayo, na miaka yote watu wamemsingizia miraa maskini. Mabinti wote wawili wamepata, ya mkubwa ni mistari mistari tu, kijana wetu yake meupe pee. Daktari alisema iko aina inapita kwa kromosomu X, kile kibeba urithi ambacho baba huwapa mabinti wote na wana wa kiume hawapati. Hatukupimwa, lakini mie nshaamua ndiyo hiyo.

Na dawa yenyewe si muujiza. Ni vifuniko vya chuma kwenye magego, krauni, yasizidi kusagika mpaka mtoto akue awekewe vya kudumu. Ati kuvipata niende Nairobi! Treni ya SGR ni shilingi 1,500 kwenda tu, mtoto nusu yake, bado kulala, bado kurudi, bado hao wateja wa mahamri nani atawapikia. Si mlitwambia afya imeshushwa kaunti tangu 2013 tusiwe twahangaika Nairobi? Na Katiba kifungu cha 53 chasema kila mtoto ana haki ya matibabu, hakikusema isipokuwa meno.

Nlitaka pia uwaambie walimu waache kutoa watoto mstarini, na madaktari wa meno ya watoto waongezwe, na ile bima ijue maana ya urembo, lakini hayo weka, najua una mambo mengi, ribbon za kukata ni nyingi. Mie nataka vifuniko tu. Vya magego. Vya chuma, si dhahabu.

Nshapewa kadi nirudi Jumatatu gego ling'olewe, na hilo ni la ukubwani, likitoka halina jengine la kulifuata. Tafadhali mheshimiwa, vifuniko kabla ya Jumatatu.

Mama wa watoto watatu, Likoni