Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya wazee: Choo kiwe ndani, na usiku awepo mtu

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

YAH: HALI YA MAKAZI YA WAZEE NA WASIOJIWEZA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Kanda ya Ziwa. Barua za kawaida nimeshaandika kwa mfawidhi, yaani msimamizi wa makazi, kwa halmashauri na kwa mkoa, na kila mara najibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Hii nimeamua kuiandika hadharani kwa sababu wiki iliyopita shangazi yangu, mama wa miaka themanini na ushee, alianguka usiku akienda chooni katika makazi ya serikali anamoishi. Amevunjika nyonga. Alilala kwenye tope mpaka kulipokucha.

Makazi hayo sitayataja jina, maana najua wa kwanza kuandikiwa barua ya kujieleza atakuwa mhudumu mnyonge ambaye hana kosa.

Choo cha wazee hao kiko nje, ng'ambo ya uwanja. Taa ya kule iliungua tangu kiangazi. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha, shangazi akatoka na mkongojo wake, akavuka kizingiti cha mlango, akateleza kwenye ngazi. Mwenzake wa chumbani haoni. Alimsikia akilia, akatoka kwa kupapasa, akajaribu kumnyanyua akashindwa. Basi akarudi ndani akachukua sufuria na mwiko, akakaa mlangoni anagonga. Aligonga sana. Mlinzi yupo, lakini yuko getini, na mvua juu ya bati unajua inavyopiga kelele. Wahudumu huondoka jioni. Wazee wenzao walisikia mmoja baada ya mwingine, ila hakuna hata mmoja mwenye nguvu za kumbeba mtu mzima.

Mheshimiwa, mahali panapolala watu wasioona, wasiotembea na wasiojikumbuka, inakuwaje usiku kucha asiwepo hata mtu mmoja wa kuwaangalia?

Nijuavyo, watu wengi husema mzee akiwa makazini ni kwa kuwa familia imemtupa. Shangazi yangu hakutupwa. Hakujaliwa mtoto, mumewe alifariki, akabaki na kishamba chake na macho yake mekundu. Wewe unafahamu macho mekundu maana yake nini huku kwetu Usukumani. Ni moshi wa miaka mingi, wa kupikia samadi ya ng'ombe pale kuni zilipoadimika, lakini kwa watu wengine macho yale ni ushahidi wa uchawi. Vikongwe wamekatwa mapanga Shinyanga, Mwanza, Simiyu na Geita kwa sababu hiyo hiyo. Watu walipoanza kumgongea usiku tukamtoa kijijini, tukamkabidhi kwa serikali tukiamini kwamba kwenye ukuta wa serikali yuko salama. Tuliamini hivyo kweli.

Nikienda kumtazama hupita kwenye mwembe ulioko katikati ya uwanja. Chini yake pana kiti mwendo kizuri, kililetwa na wafadhili, kikapigwa picha. Kinakaa pale kwa sababu milango ya vyumba ni myembamba, hakipiti. Na hata kingepita, kuna kizingiti. Na hata kingevuka kizingiti, chooni kuna tundu la kuchuchumaa, hakuna pa kukalia wala chuma cha kushikia ukutani. Kuku ndio wanaokilalia. Mzee ambaye kiti kile ni chake hubebwa mgongoni na kijana wa jikoni, na kijana akiwa na udhuru, mzee hujisaidia kwenye ndoo mbele ya mwenzake.

Fundi wa kawaida wa mtaani anajua dawa ya hayo. Mlango uwe na upana wa sentimeta tisini. Badala ya ngazi uwekwe mteremko mlaini, ule ambao ili upande mita moja unatembea mita kumi na mbili. Choo cha kukaa, ndani, mlango wake usifungukie ndani maana mzee akiangukia hapo hakuna wa kuusukuma. Sakafu isiwe ya marumaru za kung'aa. Swichi ya taa iwe karibu na kitanda. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike na watu hawa. Makazi ya wazee yakiwa si jengo la umma, sijui lipi litakuwa.

Kwa nini yalijengwa vile? Makazi yetu mengi, kama Bukumbi kule Misungwi na Nunge kule Kigamboni, yana historia ya kuwa kambi za wagonjwa wa ukoma. Kambi ya ukoma ilikusudiwa kumweka mtu mbali na wenzake: mbali na soko, mbali na hospitali, mbali na barabara. Ukoma ukatibika, kambi zikabaki, wakaingizwa wazee. Naona tumerithi majengo pamoja na fikra zake. Mzee wa leo anahitaji kuwa karibu na zahanati, asikie watoto wa shule wakipita, aweze kununua ndizi mwenyewe na kubishana bei. Nyumba ndogo ya wazee wanane au kumi ndani ya mtaa, yenye mlezi anayelala humo humo, ingemfaa kuliko bweni la porini hata likipakwa rangi upya.

Sasa niseme la fedha, ingawa vitabu vya bajeti ya makazi sijavishika, nasema ninavyohisi. Nahisi fedha za makazi huhesabiwa kama chakula na sabuni, basi. Zikichelewa, wanapunguza mboga. Fungu la matengenezo sijawahi kusikia likitajwa, na la mhudumu wa usiku ndiyo kabisa. Pengo linazibwa na wageni wa sikukuu. Idi wanakuja, Krismasi wanakuja, Machi 8 Siku ya Wanawake wanakuja, Oktoba mosi Siku ya Wazee wanakuja na maturubai. Nawashukuru kwa moyo, wengine wanatoa kwenye kidogo chao. Shangazi ana khanga mpya ambazo hajazivaa. Lakini hakuna mgeni anayekuja na mshahara wa mhudumu wa mwaka mzima. Huo ni wa serikali, na ndio hautoki.

Halmashauri nazo zinatenga asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa mikopo: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ni jambo jema, binti yangu mwenyewe amefaidika kupitia kikundi chao. Ila kila nikisikia hesabu hiyo inasomwa kwenye mkutano natafuta mzee yuko wapi, simwoni. Simtakii mkopo. Namtakia sehemu yake, hata iwe ndogo, iliyoandikwa kisheria ili mkurugenzi asiweze kuihamisha.

Na hapo kwenye sheria, Mheshimiwa, ndipo panaponiuma zaidi. Sera ya Taifa ya Wazee ilitungwa mwaka 2003. Wakati ule nilikuwa nashika chaki bado, nikawasomea wanafunzi wangu habari ile kwa furaha. Nimestaafu, nimekuwa mzee mwenyewe, na sheria ya wazee Bara tunaendelea kuahidiwa. Ndugu zetu wa Zanzibar walianza Pencheni Jamii Aprili 2016, kila aliyefikisha miaka 70 akapewa shilingi 20,000 kwa mwezi, ikapandishwa mpaka 50,000. Na sheria yao ya wazee wakaipitisha 2020. Si fedha nyingi, lakini zinamfuata mzee popote alipo, na nduguye anayemtunza anapata pa kuanzia. Januari 2022 wizara yenu ilipotenganishwa na Afya tulifurahi, tukasema sasa wazee wamepata kwao. Mwezi Machi mwaka ule ule Rais akazindua nyumba za Magomeni Kota, Dar es Salaam, kwa kaya 644. Kwa hiyo kujenga nchi hii inaweza. Haijaamua tu kumjengea mzee asiye na mtu.

Mimi nimebakiwa na nini? Kiinua mgongo cha kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, kiliishia kwenye bati na ada. Pensheni inakuja, namshukuru Mungu, lakini tangu shangazi alazwe ndiyo inayonunua kila kitu. Matibabu ya wazee wasio na uwezo ni bure, kibao kipo dirishani, ila dawa tunaandikiwa tukanunue nje. Nalala kwenye benchi la wodi na magoti yangu haya. Mke wangu ana presha na yuko peke yake nyumbani. Daktari amesema shangazi akitoka hawezi tena kwenda choo cha nje wala cha kuchuchumaa. Nimemuuliza mfawidhi atarudi kulala wapi, akanyamaza. Sikumlaumu. Kwangu ni vyumba viwili vya kupanga na choo cha wapangaji wote, cha nje pia. Kijijini hawezi kurudi, watamwua.

Ndiyo maana sikuombi leo nyumba za mtaani nilizozieleza hapo juu, ingawa nazitaka na nitazidi kuzidai. Sheria nayo nitaidai. Leo naomba vitu viwili, vianze mwaka huu wa fedha, kwa kila makazi ya wazee ya serikali: choo cha kukaa ndani ya kila jengo wanalolala wazee, na mhudumu wa kulipwa anayekesha nao usiku. Kama fedha hazitoshi kwa yote mawili, anza na mhudumu. Choo kinaweza kusubiri, tukatumia ndoo. Mtu aliyeanguka hawezi kusubiri asubuhi.

Naomba jibu lako usiniletee mimi. Litume kwa wafawidhi, walisome kwa sauti mbele ya wazee, kwa Kisukuma na kwa lugha nyingine wanazozielewa, likiwa na tarehe ya kuanza kazi na jina la ofisi itakayowajibika.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Kanda ya Ziwa

Nakala: Wabunge wote wa Kanda ya Ziwa