Barua kwa mwalimu mwenzangu aliyekabidhiwa kidato cha kwanza

Mafinga, Mufindi
3 Januari 2024

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu wa Mufindi. Sisi hatujambo, mvua zinanyesha vizuri na mahindi yamefika magotini. Nimefurahi sana kusikia kwamba mkuu wa shule amekukabidhi kidato cha kwanza hapo Tukuyu, na kwa kuwa umeniuliza uanzie wapi na shule zinafunguliwa wiki ijayo, nakujibu leo leo.

Anza na lugha. Watoto unaowapokea wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja tu miongoni mwa mengine, na sasa wanaingia katika darasa ambalo karibu kila somo linafundishwa kwa Kiingereza. Lile lililokuwa somo moja la sayansi limegawanyika kuwa Fizikia, Kemia na Biolojia, kila moja na mwalimu wake na msamiati wake. Mtoto aliyekuwa akiongoza darasa kijijini kwao ananyamaza ghafla, nasi walimu, tukiona ukimya ule, tunamhesabu kuwa mzito wa kuelewa. Hapo ndipo tunapompoteza.

Nilikuwa na binti mmoja ambaye kwa wiki tatu sikuwahi kuisikia sauti yake. Siku moja, nikikagua madaftari ya Biolojia, nilisimama kwenye dawati lake. Mwandiko ulikuwa safi, jani amelichora hadi vishipa vyake, na pembeni mwa ukurasa ameandika kwa penseli, kwa herufi ndogo sana, «fotosinthesizi», kisha akaweka alama ya kuuliza. Niliinama nikamuuliza kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, usanisinuru ni nini. Aliweka kalamu chini akanieleza mwanga wa jua, maji yanayopanda kutoka mizizini, kabonidayoksaidi inayoingia kwenye jani na umbijani unaonasa mwanga, kisha akaongeza kwamba ndiyo maana mahindi ya nyumbani kwao yaliyopandwa chini ya mparachichi hayanenepi. Swali hilo hilo nilikuwa nimelirudia mara tatu mbele ya darasa kwa Kiingereza, naye hakunyoosha mkono. Kwenye jaribio la wiki iliyotangulia nilikuwa nimempa sifuri.

Nakuomba usirudie kosa langu la miaka ya mwanzo. Katika shule niliyoanzia kazi tulikuwa na kibao alichovishwa shingoni yeyote aliyesikika akizungumza Kiswahili, nami nilikuwa msimamizi mkali wa kibao hicho, nikiamini kwamba nawasaidia. Kiingereza chao hakikukua hata kidogo. Kilichokua ni ukimya, na wale waliotoka mbali zaidi ndio walionyamaza zaidi. Sasa nafanya hivi: wazo jipya nalieleza kwanza kwa Kiswahili mpaka nione nyuso zimefunguka, halafu nalirudia kwa Kiingereza chepesi, halafu nawaacha waelezane wawili wawili kabla sijamwita yeyote asimame. Kila mmoja ana daftari dogo la msamiati, maneno matano kwa siku, kila neno na maana yake kwa Kiswahili na sentensi aliyoitunga mwenyewe. Madaftari hayo nayasoma kila Ijumaa, na ni kazi kubwa, lakini hakuna kazi nyingine inayonionyesha mapema namna hiyo nani ameachwa nyuma. Kumbuka kwamba kipo kipimo cha kidato cha pili, na asiyefikia alama zinazotakiwa hukariri darasa, kwa hiyo muda tulio nao ni mfupi kuliko unavyoonekana Januari.

Jambo la pili ni mahali wanapolala. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali, lakini sare, madaftari na chumba cha kupanga bado ni vya mzazi. Hosteli zikiwa hazitoshi, utakuta mtoto wa miaka kumi na minne amepangishiwa chumba karibu na shule, anajipikia, na kila Ijumaa anapanda mlima kurudi kwao kuchukua unga na maharage. Nenda ukavione vyumba hivyo katika wiki mbili za kwanza, pamoja na mwalimu wa malezi. Ukiwa na wasichana, nendeni na mwalimu wa kike, mkaangalie kama mlango una komeo na kama mwenye nyumba ni mtu wa kuaminika. Nilipoona kwa macho yangu jiko la mkaa limewekwa pembeni ya kitanda, katika chumba kisicho na dirisha la kufunguka, niliacha kuwauliza watoto wale kwa nini wanasinzia kipindi cha kwanza.

Mengine ni madogo, lakini yasikuponyoke. Usiruhusu wakubwa wawaite njuka, lile jina la kuwadharau wageni wa kidato cha kwanza, wala kuwafulisha nguo zao kwa kisingizio cha kuwakaribisha. Mpe kila mgeni mwenzake wa kidato cha pili, ikiwezekana aliyetoka shule ile ile ya msingi. Matokeo ya jaribio la kwanza usiyabandike ukutani, mwite kila mmoja umwonyeshe daftari lake. Wazazi nao waite mapema, kwa kuwa huu ni msimu wa palizi na mtoto anayekosa shule siku mbili kila wiki hapotei kwa uvivu wake. Zungumza nao kwa upole, maana shamba ndilo linalolipa hicho chumba.

Niandikie baada ya wiki ya tatu unieleze ni wangapi wamekwisha kunyoosha mkono. Shule zikifungwa nitapita Mbeya, nami nitakuletea madaftari mawili ya msamiati ya wanafunzi wangu wa mwaka jana, kwa idhini yao, uone walivyoanza na walivyomaliza. La yule binti ni mojawapo.

Wasalimie wote hapo nyumbani, hasa mama.

Mimi rafiki yako,
Mwalimu mwenzako wa Mafinga